Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mwanamuziki wa ridhaa anayetaka kutunga nyimbo na kupata wenzake

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa mazoezini, kwenye mabaraza na kwenye simu, mengi yakitoka kwa watu wenye kazi nyingine mchana: walimu, mafundi, wauza duka, wanafunzi. Majibu ni ya mpiga gitaa la rithimu wa Dar es Salaam ambaye naye hali chakula chake kutokana na muziki. Anayetafuta njia ya mkato ya kuwa staa, hapa hataipata.

Sijui noti, sijui hata sofa (do-re-mi). Naweza kutunga?

Unaweza. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi uliowachezesha watu wa Dar es Salaam, Morogoro na Nairobi ilitungwa kwa kusikia na kukumbuka, bila karatasi ya noti.

Hata hivyo, jifunze do-re-mi, maana itakusaidia kuzungumza na watu. Afrika Mashariki imejaa waimbaji waliolelewa kwenye kwaya za makanisa na za shule, na wengi wao wanasoma sofa. Ukimwambia mmoja wao "anzia so, shuka mi, kaa re", ataimba hapo hapo hata kama mmejuana dakika tano zilizopita. Usipojua sofa utamwimbia mara saba, naye atakushika mara ya nane, akiwa amechoka.

Nianze na maneno, na melodi, au na biti?

Inategemea unatoka upande gani wa muziki wetu, kwa sababu kila upande una desturi yake. Kwenye taarabu asilia, mshairi huandika, mwingine hutia muziki, na mwimbaji anaweza kuwa mtu wa tatu kabisa. Kwenye bendi za dansi mtunzi alikuja na maneno pamoja na melodi, kisha bendi ikaingia kambini: gitaa la solo likatafuta njia yake, la rithimu yake, besi yake, na wapuliza tarumbeta na midomo ya bata (saksafoni) wakapanga majibu yao. Bongo Fleva iligeuza mambo. Prodyuza anatengeneza biti kwanza, msanii anaingia studio na kuandika juu yake.

Kwa mtu wa ridhaa ninapendekeza uanze na kiitikio, yaani maneno na melodi vikizaliwa pamoja, bila chombo chochote. Biti tamu huficha maneno mabovu. Unaandika mistari kumi na sita, kichwa kinatikisika, unajiona umetunga, kumbe kinachokutikisa kichwa ni kazi ya prodyuza. Zima biti, uimbe ukiwa unaosha vyombo. Kama kiitikio hakisimami bila msaada, hakijawa kiitikio bado.

Maneno yangu hayakai kwenye muziki. Nikiyasoma ni mazuri, nikiyaimba yanasikika kama ya mgeni. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, na jibu lake halifundishwi sana. Tatizo karibu kila mara ni mkazo.

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Na-ku-PE-nda. Ni-na-ku-su-BI-ri. Neno likirefuka, mkazo unahama: NYU-mba, lakini nyu-MBA-ni. Muziki nao una mapigo mazito na mapigo mepesi, na una noti ndefu na fupi. Silabi yenye mkazo inataka pigo zito au noti ndefu. Ukiweka pigo zito kwenye "na" ya "nakupenda", kisha ukavuta noti ndefu kwenye "nda", msikilizaji hatakwambia umekosea mkazo. Atasema tu wimbo "haujakaa".

Zoezi: sema mstari wako kwa sauti ya kawaida, kama unamwambia mtu jambo, huku ukipiga kofi kwenye kila silabi yenye mkazo. Makofi hayo ndiyo mdundo uliomo ndani ya maneno. Sasa tafuta melodi inayoyafuata. Ukitaka kuyavunja, yavunje kwa makusudi, mara moja moja. Marapa wazuri hucheza hivyo, wakisogeza mkazo ili sikio lishtuke.

Angalia pia herufi m. Katika "mtu" na "mti", m ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo. Ukilipatia neno kama hilo noti ndefu utalazimika kuvuma mdomo ukiwa umefunga. Wapo wanaoufanya uvumaji huo kuwa pambo, lakini kama hukuupanga, utakuziba pumzi katikati ya mstari. Maneno ya kuvuta yawe na irabu wazi: moyo, kelele, baba, njaa.

Tuna bahati moja. Kiswahili si lugha ya toni. Mtunzi wa Kikuyu au wa Kiganda anafikiri mara mbili kabla ya kupandisha melodi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kugusa maana ya neno. Sisi melodi yetu iko huru kupanda itakako, mradi mkazo umeheshimiwa.

Na kama unatunga singeli, yote haya yanakuja kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Andika maneno mafupi. Ulimi una mipaka.

Ni lazima nijue ushairi wa vina na mizani?

Si lazima, ila ukiujua utaokoa muda mwingi. Shairi la kawaida lina mistari minne, kila mstari una mizani 16 iliyogawanyika nane na nane, na kila kipande kina kina chake. Taarabu hupenda beti za mistari mitatu. Utenzi una mizani nane kwa mstari, na ndiyo maana unaimbika kwa saa nzima bila kumchosha mwimbaji.

Hebu tuhesabu pamoja mistari hii miwili niliyoiandika kwa ajili ya jibu hili:

Barua nimeipata, nimeisoma kwa taa,
Maneno uliyofuta, bado wino unakaa.

Nane na nane. Kina cha kati ni "ta", cha mwisho ni "a". Mpe mwimbaji wa taarabu na hatahitaji maelezo. Lakini pia unaweza kuuvunja: chukua "nimeisoma kwa taa" peke yake, uirudie mara tatu juu ya mdundo wa polepole, na tayari una kiitikio cha Bongo Fleva. Vina na mizani hukupa maneno yaliyopimwa, halafu unayakata upendavyo.

Onyo kuhusu vina. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kupata kina ni rahisi mno, na urahisi huo unaleta uvivu. Nyumbani, moyoni, njiani, akilini: nyimbo ngapi umesikia zikitembea kwa "ni" hizo mwanzo hadi mwisho? Kiambishi kikikutafutia kina, mstari wako hausemi kitu kipya. Nikiona ubeti wangu una "ni" tatu mfululizo, nafuta mbili.

Nina gitaa la mbao na kodi tatu tu.

Zinatosha. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za do, fa na so, kwa maana ya C, F na G ukiwa kwenye C, zimebeba nyimbo nyingi kuliko tunavyokiri. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, akiwa peke yake na gitaa moja, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akiimba Kiswahili cha kwao. Vijana wa Kenya na Tanzania walijifunza kwenye santuri zile. Kama F inakuuma vidole, tumia kapo (kibano cha shingo ya gitaa), au hamia G, C na D.

Nina mianzo mingi kwenye simu, sina wimbo hata mmoja uliokwisha.

Kila mtunzi ana kaburi la mianzo. Tofauti ni kwamba wengine hupanga siku ya kumaliza na kuitii. Chagua mwanzo mmoja, usiwe ule unaoupenda sana bali ule wenye kiitikio. Andika beti mbili tu. Ubeti wa kwanza uonyeshe mahali na mtu. Wa pili useme kimebadilika nini. Kama ubeti wa pili unasema lile lile la kwanza kwa maneno mengine, wimbo una ubeti mmoja, na hilo si baya, tafuta tu jambo jingine la kujazia. Umalizie vibaya, lakini umalizie. Wimbo mbovu uliokamilika unaweza kurekebishwa na mwenzako. Mwanzo mzuri wa sekunde kumi na tano hauna wa kuurekebisha, kwa sababu hakuna ajuaye unaelekea wapi.

Mapenzi yamechosha. Niandike kuhusu nini?

Mapenzi hayajachosha, yaliyochosha ni mapenzi yasiyo na anwani. Weka daladala, weka kodi ya nyumba, weka mama mkwe.

Ukitaka nje ya mapenzi, tazama tulikotoka. Remmy Ongala na Super Matimila waliimba kuhusu kifo, umaskini na kondomu wakati ambapo UKIMWI ulikuwa unasemwa kwa kunong'ona, na ule wa kondomu redio ya taifa haikutaka kuupiga. Watu waliujua hivyo hivyo. Marijani Rajabu aliimba visa vya watu wa kawaida kiasi kwamba unaweza kuusimulia wimbo wake bila kuuimba. Kipimo changu ni hicho: je, nikimsimulia jirani wimbo huu, atauliza "halafu ikawaje?"

Sauti yangu ni mbaya. Naweza kutunga nikawapa wengine waimbe?

Hiyo ni heshima ya zamani kwetu, ilisahaulika kidogo tu tangu tulipoanza kuamini kwamba anayeimba lazima awe ameandika. Jirekodi uimbe hata kwa sauti mbovu, bila aibu, ili mwimbaji apate melodi sahihi. Nenda kwa mwimbaji ambaye upana wa sauti yake unaujua. Wimbo uliotungwa na mwanamume mwenye besi, ukipewa dada wa alto bila kubadilisha ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umesimama juu yake, utamkaa kooni.

Wenzangu nitawapata wapi?

Nitaanza na mahali ambapo hutawapata kirahisi: kwenye tangazo linalosema "natafuta wanamuziki makini wa kuanzisha bendi". Nimeyaona matangazo hayo kwa miaka. Wanaojibu ni wengi, wanaofika mazoezini ni wachache, na wanaofika mara ya pili ni wale ambao tayari wanajuana. Watu hawavutwi na bendi isiyokuwepo. Wanavutwa na wimbo waliousikia wakatamani kuuongezea kitu. Kwa hiyo nenda pale watu wanapofanya muziki tayari, ukiwa na wimbo mmoja uliokamilika mfukoni.

Kwaya ni mahali pa kwanza, uwe mwimbaji au la. Humo kuna sauti nne zilizofunzwa, mpiga kinanda, mara nyingi mpiga besi na mpiga ngoma, na kuna nidhamu ya kufika Jumatano jioni hata mvua ikinyesha. Wale vijana wa Sauti Sol wa Kenya, Bien, Chimano na Savara, walianza kuimba pamoja wakiwa Upper Hill School, Nairobi, katika kikundi cha injili cha sauti tupu. Mpiga gitaa Polycarp Otieno walikutana naye baadaye. Hakuna aliyekaa akawachagua kwenye orodha. Walikuwa wakiimba tayari.

Pili, mazoezi ya bendi za mtaani. Bendi nyingi za dansi hufanya mazoezi mchana, sehemu ile ile wanayopiga usiku, na hawafukuzi mtu aliyekaa kimya na soda yake. Nenda mara kadhaa kabla ya kufungua mdomo. Angalia nani anawahi, nani anabeba spika bila kuombwa. Huyo ndiye unayemtaka. Mpiga solo hodari anayechelewa saa mbili mwachie mwenye pesa za kumsubiri.

Tatu, vyuo na shule za muziki, ambako wanafunzi wanatafuta nyimbo za kupiga. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa mwaka 2002, inayofundisha udi na kanuni (ala za nyuzi za taarabu), fidla na muziki wa pwani. Bagamoyo kuna TaSUBa, ile iliyozaliwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Karibu na Arusha, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kina shahada ya muziki. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music na idara ya muziki ya Kenyatta University. Si lazima ujiandikishe. Maonyesho ya wanafunzi huwa wazi, na baada ya onyesho mwanafunzi wa fidla anayeambiwa "nina wimbo unaomtaka mtu kama wewe" hukaa kusikiliza.

Nne, vikundi vya taarabu. Vijana husahau kwamba klabu za zamani za Zanzibar, kama Ikhwani Safaa ya mwaka 1905, zilijengwa na watu wenye shughuli zao waliokutana jioni kupiga. Ridhaa si aibu kwenye muziki huo, ndio msingi wake. Utaingia kwa unyenyekevu, utapewa kazi ya kuitikia, na siku moja mzee wa kanuni atakuuliza kama unaandika.

Mwisho, matamasha. Sauti za Busara hufanyika Zanzibar mwezi wa Februari tangu mwaka 2004, na wanaopanda jukwaani wanapiga laivu. Lakini mtu wa kumtafuta hayuko jukwaani. Ni yule aliyesimama pembeni yako akihesabu mapigo kwa vidole.

Nikimpata mtu, nimwambieje?

Kwa ufupi, kwa adabu, na kwa jambo moja. Kama ni mkubwa kwako, salamu kwanza, na salamu iwe salamu kweli. Mfano wa ujumbe uliowahi kufanya kazi:

"Shikamoo mwalimu. Nilikusikia Jumapili ukipiga besi, pale kwenye wimbo wa sadaka ulipopanda juu badala ya kushuka. Nina wimbo mmoja, beti mbili na kiitikio, uko kwenye G. Naomba dakika kumi baada ya mazoezi unisikilize, na kama kuna besi unayoisikia humo, tuijaribu."

Umeonyesha ulisikiliza. Umetaja ukubwa wa kazi. Hukumwahidi pesa wala umaarufu, na hukusema "tufanye kitu siku moja", sentensi ambayo imeua kolabo nyingi kuliko wivu. Kijana mwenzako mwandikie kwa lugha ya vijana, lakini mambo yawe yale yale: nimekusikia wapi, nina nini, naomba muda gani.

Akikataa, mshukuru na umwache. Akikubali, peleka wimbo ukiwa na nafasi. Usiende na mpangilio mzima kichwani halafu umtumie mwenzako kama mashine ya kutekeleza. Ukijua kila noti anayopaswa kupiga, hukuhitaji mwenza, ulihitaji kibarua, na kibarua hulipwa.

Mwenzangu yuko Muscat, mwingine yuko Minneapolis. Tunaweza kutunga pamoja?

Mnaweza, ila msijaribu kupiga kwa wakati mmoja kupitia simu ya video. Sauti huchelewa njiani, na kuchelewa kidogo tu kunatosha kuvunja mdundo. Fanyeni kwa zamu.

Kubalianeni kwanza mambo matatu na kuyaandika kwenye kundi lenu: ufunguo, kasi kwa mapigo ya dakika, na muundo wa wimbo. Mmoja arekodi gitaa au kinanda akifuata metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), akiacha mapigo manane ya kuhesabu mwanzoni. Kila anayeongeza sehemu yake atoe faili linaloanzia sifuri, hata kama yeye anaingia dakika ya pili, ili vyote vikipangwa pamoja vikae bila kutafutwa. Tumieni WAV, faili la sauti lisilobanwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora. Unafaa kwa wazo, haufai kwa kazi. Kama ni lazima mpitie huko, tuma faili kama hati. BandLab ni bure, inafanya kazi kwenye simu, na inawaruhusu watu kadhaa kufungua mradi mmoja. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Audacity, nayo ni bure.

Na mpeane tarehe. Umbali hauui wimbo kama "nitaiangalia wikendi" inavyoua.

Wimbo tuliotunga pamoja ni wa nani?

Hapa ndipo urafiki hupimwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyotoka studio. Unaweza kuwa mtunzi wa wimbo ambao rekodi yake ni ya mtu mwingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Zote mbili hulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Watunzi wakiwa wawili, miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya kifo cha wa mwisho. Kwa hiyo mnapocheka sebuleni na gitaa, mnatengeneza mali ambayo wajukuu wenu wanaweza kuigombea.

Waulizeni waliobishania Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na jina lake likakaa kama mtunzi. Adam Salim naye akadai kuwa wimbo ni wake, na wengine wakajitokeza. Wimbo ukaimbwa dunia nzima, Fadhili William akafariki mwaka 2001, na ubishi haujaisha hadi leo. Karatasi moja yenye tarehe ingewafaa wote.

Karatasi yenyewe si ngumu. Jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, nani alifanya nini, kila mmoja ana asilimia ngapi ya utunzi, nani alilipia studio na rekodi ni ya nani, sahihi. Piga picha, kila mtu abaki nayo. Fanyeni siku hiyo hiyo wimbo unapokamilika, kabla haujawa na thamani, maana siku ukiwa na thamani kila mtu atakumbuka alichangia zaidi.

Asilimia ngapi? Mimi napenda kugawana sawa kwa sawa kwa wote waliokuwa chumbani wakati maneno na melodi vinatafutwa. Wapo wanaohesabu mistari. Nimeona hesabu hiyo ikiwafanya watu wapiganie mistari mibovu ili tu iwe yao. Mpiga solo aliyekuja baadaye kurekodi ni jambo jingine: mlipe, au mpe fungu la rekodi, mradi ajue mapema.

Kuhusu prodyuza, uliza swali moja kabla ya kuingia studio: biti hii nainunua au tunashirikiana? Na biti ya kuchukua mtandaoni, hata ukiilipia, mara nyingi umepewa ruhusa tu ya kuitumia. Biti hiyo hiyo wameuziwa wengine kumi. Usishangae kuisikia kwenye wimbo wa mtu mwingine, wala mtandao ukikuzuia kwa madai ya hakimiliki.

Lazima nisajili?

Hakimiliki huja na utunzi wenyewe, si na cheti. Kenya sheria inataka kazi iwe imeandikwa au imerekodiwa, kwa hiyo mluzi wa bafuni hauhesabiki. Lakini usajili ni ushahidi mzuri: Tanzania COSOTA (ofisi ya hakimiliki), Kenya KECOBO (bodi ya hakimiliki). Tanzania, ukianza kupanda majukwaani, kuna pia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ada na taratibu hubadilika, ziulize ofisini kwao.

Naogopa kuwaonyesha watu, wataniibia.

Wazo halilindwi na sheria. Kinacholindwa ni wimbo. Kwa hiyo ugeuze wazo kuwa wimbo, urekodi kwenye simu, jitumie kwa barua pepe ibaki na tarehe, kisha uonyeshe. Wimbo uliofichwa miaka sita hauna mwizi, ila pia hauna mpiga besi.

Tumeanza kugombana. Tuvunje?

Jiulizeni kwanza mnagombania nini. Mkigombania wimbo, endeleeni, hiyo ni afya. Mkigombania nani anachelewa, wekeni sheria. Mkigombania pesa ambayo haijaja, rudini kwenye karatasi.

Na mkivunja, vunjeni kwa amani. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika, bendi iliyoasisiwa na ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, waliondoka wakaunda Les Wanyika huko Nairobi. Bendi zote mbili ziliendelea kutoa nyimbo ambazo hadi leo zinapigwa kwenye harusi. Kuachana hakukuwa mwisho wa muziki. Kubalianeni tu nani anaruhusiwa kupiga zipi.

Nina miaka 45, kazi na watoto. Sijachelewa?

Umechelewa kuwa kijana, hujachelewa kutunga. Chagua jioni moja kwa wiki, iwe ile ile daima, na familia iijue.

Niende studio lini?

Baada ya watu kuuimba. Ukiuimba mbele ya watu ambao si ndugu zako na wakaitikia kiitikio kabla hujawaomba, wimbo uko tayari. Wasipoitikia, ni rahisi zaidi kuubadilisha sasa kuliko baada ya kulipia miksing na mastaringi.

Mara ya kwanza tuimbe wapi?

Mahali ambapo watu wamekuja kwa sababu nyingine: mahafali, harusi ya binamu, sherehe ya kipaimara, mapumziko ya bendi nyingine ikikubali kuwaachia jukwaa kwa wimbo mmoja. Usiende na nyimbo nane. Nenda na mbili, zote zenye kiitikio chepesi. Fikeni mapema, jaribuni maikrofoni, msimwombe fundi mitambo aongeze sauti ya kila mtu. Na mkitunzwa pesa, noti ziwekwe mahali pamoja hata kama zote zilibandikwa usoni kwa mwimbaji, zihesabiwe mbele ya wote na kugawanywa usiku ule ule, kabla mtu hajapanda bodaboda.